Mbeleko na Mashua

Wahenga walikataza kukata mbeleko na mwana hajazaliwa, na visiwani agizo hilo bado lina wenyewe. Nguo mpya hazinunuliwi, jina halitajwi. Jicho la hasidi laogopwa. Laogopwa zaidi sanduku la nguo zisizopata wa kuzivaa.

Hata hivyo, mama mmoja wa Jongowe, kisiwani Tumbatu, hakukaa bure. Binti yake aliporudi kwao mwezi wa saba kungojea kifungua mimba, kanga kuukuu zilianza kutoweka kambani moja moja. Zilifuliwa, zikaanikwa juani, zikachanwa winda, zikafukizwa udi na kukunjwa chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Kanga kuukuu, kwanza, ni laini kuliko nguo ya dukani. Tena mwenye kuiona haoni cha kuhusudu.

Ila sandukuni hamwingii mashua. Kutoka Tumbatu hadi Mkokotoni ni bahari, na uchungu hauulizi bamvua wala maji mafu. Mimba huhesabiwa wiki 40. Azaliwaye kabla ya wiki 37 huitwa njiti, naye hutaka joto la kifua cha mama na mkono wa mkunga aliyesomea. Anayesubiri mwezi wa tisa ndipo atafute nauli, nahodha na mtu wa kutoa damu, huenda amekwisha kuchelewa.

Binti alipomsikia mama yake akipatana na nahodha mapema hivyo, alishtuka, akamkumbusha mwiko.

“Mbeleko nimekatazwa, mwanangu,” alijibu. “Mashua sikukatazwa.”