Steringi na Adui

Kazi yangu imekuwa kuandika skripti, nyingi zikiwa za kuchezwa Ngara na Biharamulo, na muda wote nimeshikilia hoja moja: wahusika wanaopingana wasitofautishwe kwa wema na ubaya wa kuzaliwa nao. Watoke mahali pamoja, watake kitu kimoja, halafu kila mmoja achague njia yake. Ngara yenyewe ndiyo hoja yangu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco, huku Ngara. Waliokimbia vita na waliosimamia mauaji ya kimbari walisimama foleni moja ya chakula. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwa miongoni mwao. Alipotakiwa kuondolewa kambini zilizuka ghasia. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2011. Kamera gani ingemtambua kwa sura? Raoul Peck aliliona hilo katika filamu yake ya 2005, Sometimes in April. Augustin ni askari, Honoré ni mtangazaji wa redio ya chuki, nao ni ndugu. Na Honoré huyohuyo ndiye anayekabidhiwa mke na watoto wa Augustin awavushe vizuizini.

Wapo wanaosema kumpa adui utu ni kumpunguzia hatia. Mimi naona anaongezewa: shetani hana la kuchagua, ndugu analo. Pingamizi la watayarishaji ni zito zaidi. Mtazamaji wa banda la video, wanasema, anataka amjue steringi na adui mapema, ndiyo maana filamu zetu zimejaa mama mkwe mchawi na tajiri mwenye miwani myeusi. Ni kweli anataka kuwajua mapema, ila atawajua kwa vitendo vyao. Waweke mbele ya jambo moja, uone nani anafanya nini.

Kwa Biharamulo sihitaji hata vita. Pale Lusahunga, yanakopita malori ya Rwanda na Burundi, dereva na utingo wake wanakaa kichwa kimoja cha lori. Kuna majeruhi kando ya barabara. Mmoja anataka kusimama, mwingine anahofia mzigo, na wote wana watoto wanaodaiwa ada. Onyesho hilo linapigwa lori likiwa limeegeshwa, kwa kamera moja, na gharama yake kubwa ni dizeli ya jenereta la taa.