Neno la Amri Juu ya Mlima Kadam

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Mimi nilikutana na binadamu mlimani, naye akanifunza jambo ambalo stashahada yangu ya ualimu haikunifunza.

Kwa miaka mingi, kila nilipopita katika barabara itokayo Mbale kwenda Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, niliutazama Mlima Kadam kwa shauku. Mlima huo ni volkano iliyozimika zamani sana. Umechomoza katika mbuga kavu za Karamoja hata kufikia kimo cha mita 3,063, na sehemu zake za juu zina msitu. Hauna sifa kama jirani yake Elgon, ambao wapandaji wake wametengenezewa njia na kambi. Upande tulioupandia sisi hapakuwa na njia rasmi wala kibao, ila vijia vya mbuzi na vya warina asali, navyo hupotea ghafula vichakani.

Basi katika likizo ya Januari 2018, baada ya kupata idhini ya wakubwa wa kijiji, mimi na mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa huko, tulipewa mzee mmoja wa Kitepeth atuongoze. Umri wake ulipata miaka sabini. Alijifunga shuka, na mkononi alishika fimbo na kigoda kidogo cha mti. Alinikazia macho, akasema kwa Kiswahili: "Wewe! Simama! Toa mzigo!" Nilishtuka. Mwenzangu akaangua kicheko, akanieleza kwamba mzee alitaka kunipokea mzigo wangu.

Njiani nilimwuliza alikojifunza Kiswahili. Alijibu kwa Kikaramoja, nami nikatafsiriwa: kwa askari, katika miaka waliyokuja kukusanya bunduki. Ndugu msomaji, kwetu Uganda jambo hili si geni. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Lakini wako wengi waliokisikia kwanza kinywani mwa mtu mwenye silaha, na hofu haifutwi kwa maandishi. Mzee huyu alikuwa na maneno yapatayo ishirini, yote ya amri: simama, kaa, lala chini, leta, nyamaza, haraka. Hakuwa na "karibu" wala "tafadhali", kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepata kumwambia hayo.

Niliona haya, na kwa haya hiyo nikaanza kumsahihisha. Aliposema "Kaa!", nilimwambia, "Sema: tafadhali keti." Kila kosa niliandika katika daftari langu, nikinuia kulitumia darasani. Mzee alirudia kwa upole mara mbili tatu, kisha akachoka, akawa kimya.

Siku ya pili tuliingia msituni, na ukungu ukatufunika. Mzee hakusitasita. Alifuata jiwe, shina lenye jeraha la shoka la zamani, sauti ya maji. Kila mahali palikuwa na jina, na alipopita alilitaja kwa sauti ya chini. Mwenzangu alininong'oneza kwamba baadhi ya majina hayo ni ya Kisoo, lugha ya asili ya Watepeth, ambayo siku hizi imebaki kwa wazee wachache, maana watu wao wamehamia Kikaramoja. Tulimwuliza kama wajukuu wake wanayajua. Akatikisa kichwa.

Tulipokaribia juu, nilitangulia hatua chache, kwa kiburi cha mtu aonaye safari imekwisha.

"Simama!"

Nilisimama pale pale, mguu mmoja hewani. Mbele yangu majani yalikuwa yamefunika ukingo wa genge. Mzee alisukuma jiwe kwa fimbo yake; likatoweka, na kitambo kikapita kabla hatujalisikia likigonga chini. Lau angetafuta kwanza neno la adabu, nisingeandika makala haya.

Kilele tulichokifikia hakikuwa na mandhari yoyote, bali miti na ukungu tu. Mzee aliweka kigoda chake chini, akanielekeza: "Kaa!" Nikakaa, wala sikusahihisha. Nikamwambia, "Ahsante, mzee." Aliuliza maana yake, akaambiwa, akalirudia polepole.

Walimu wenzangu, sisi huanza na kitenzi cha amri kwa kuwa ni chepesi. Tangu siku ile huwauliza wanafunzi wangu: nani anamwambia nani, na kwa nini? Neno ni lile lile lililomlaza mzee chini na lililoniokoa mimi.

Lakini liko moja linalonisumbua. Niliporudi nyumbani nilifungua daftari langu. Makosa ya mzee yalijaa kurasa tatu. Jina la mahali hata moja katika njia yake sikuwa nimeandika.