Kabati la Mjomba na Namba Isiyo Namba

Leo sitaandika habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nina jambo la kuungama. Niliharibu mali ya mjomba wangu kwa mistari miwili ya msimbo, na kwa kuwa mficha uchi hazai, nimeona heri niieleze yote.

Ukishasomea mambo ya tarakilishi, jamaa zako wanaamini unaweza kutengeneza kila kitu chenye waya. Redio, pasi, hata mita ya maji. Kwa hiyo sikushangaa Desemba 2022 mjomba aliponipigia simu kutoka Mombasa: "Mpwa, wewe si ulisoma kompyuta? Njoo uangalie kabati langu, lina wazimu."

Kabati lenyewe ni la siga, zile nene za majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa, zisizo na karatasi. Mjomba alikuwa mhandisi wa meli kwa miaka mingi. Rafiki yake wa kazini alimletea kasha kutoka Cuba, wakawa na desturi ya kukaa barazani na kuvuta moja moja kila mwaka mpya. Rafiki huyo alifariki mwaka 2019. Zilibaki 23. Mimi sivuti, na daktari yeyote atakwambia moshi wa siga ni hatari kama wa sigara nyingine. Lakini nilielewa kwamba mle kabatini hamkuwa na tumbaku tu.

Sasa, kwa nini siga ihitaji kabati? Kwa sababu jani la tumbaku hunywa maji ya hewani na kuyatoa, kama chumvi ya jikoni inavyoganda wakati wa masika. Hewa ikiwa kavu, jani la nje hupasuka na mafuta yenye harufu hupotea. Ikiwa na maji mengi, kuvu huota. Wenye ujuzi hulenga unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Joto likipita nyuzi 24 au 25 kwa muda, kuna hatari nyingine: mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, yanaweza kuanguliwa, na vibuu vyake hutoboa siga matundu kama ya msumari.

Ndani kabati limepigwa mbao zinazoitwa mwerezi wa Kihispania, Cedrela odorata. Jina hilo ni la uongo mara mbili. Mti wenyewe si mwerezi bali ni wa ukoo mmoja na mahogani, na asili yake si Hispania bali Amerika ya kitropiki. Mbao hizo hupendwa kwa harufu yake na kwa kuwa hufyonza unyevu na kuurudisha polepole.

Haya basi, tatizo lilikuwa nini? Mjomba alipokuwa akiishi Nairobi kabati halikumsumbua. Alipostaafu na kuhamia Nyali, siga zikaanza kulegea, ukizibonyeza zinabonyea kama ndizi mbivu. Na bado kipimo cha mshale mlangoni kilisema asilimia 62, kwa hiyo kila wiki mjomba aliongeza maji kwenye kitangi.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhitaji shahada. Chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipimo chako ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge, usubiri usiku kucha. Katika joto la kawaida la chumba, hewa ya mfukoni itatulia kwenye asilimia 75. Hiyo ni tabia ya chumvi yenyewe. Kila chumvi ina namba yake: magnesium chloride, kwa mfano, hutulia kwenye 33.

Asubuhi kipimo cha mjomba kilisema 64, kilipaswa kusema 75. Kilikuwa kinapunguza kwa 11! Kumbe aliposoma 62, ukweli ulikuwa karibu 73, na yeye anaongeza maji.

La pili ni hewa ya Mombasa yenyewe. Ushauri mwingi kuhusu siga umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako ndani ya nyumba kuna hita na hewa ni kavu, kwa hiyo wao hupigania kuongeza maji. Hebu tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi, na kwa asilimia 70 inabeba 12 tu. Kila mjomba anapofungua mlango, anaingiza hewa yenye maji maradufu ya yale yanayotakiwa, na ikipoa inajaa mpaka inatoa matone kwenye kioo. Kisha kipoozi kinafanya kazi kutwa nzima, maji yanaganda matone kwenye bamba baridi na kudondoka kwenye sinia, hewa inakauka kupita kiasi. Kabati linapanda na kushuka. Wazimu kweli.

Hapo ndipo kijana msomi akakunja mikono ya shati. Nilikuwa na bodi ndogo ya ESP8266, ile yenye Wi-Fi, na kihisio cha DHT22, ambacho kwa kawaida hukosea kwa asilimia 2 hivi tu. Nikaunganisha feni inayopuliza hewa juu ya kitangi cha nusu lita. Unyevu ukishuka chini ya 64, feni iwake. Ukipita 67, izime. Nafasi hiyo kati ya namba mbili ni muhimu, maana ukitumia namba moja feni itawaka na kuzima kila dakika. Msimbo ulikuwa mfupi hivi:

if (unyevu < 64) washaFeni();
if (unyevu > 67) zimaFeni();

Je, unaona kosa? Mimi sikuliona. Nilirudi Nairobi nikiwa na grafu kwenye simu, nikamwonyesha kila mtu ofisini.

Mwishoni mwa Januari 2023 mjomba alikwenda matangani Voi akakaa huko siku 11. Akaniambia, "Nakuachia kabati." Kila jioni nilitazama simu: 65.1. Kesho yake 65.1. Mtondo 65.1. Mstari umenyooka kama rula. Nikajisifu kwamba mtambo umetulia kabisa.

Aliporudi alinipigia. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mpwa, kitangi ni kikavu, na kioo kinatoa jasho." Nilipanda basi la usiku.

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ilikuwa imeshakula kiungo cha waya wa kihisio. Kihisio kikishindwa kusoma, maktaba ya programu niliyotumia hurudisha NaN, maana yake "hii si namba". Na kwa kanuni za hesabu za tarakilishi tulizo nazo tangu 1985, ukiuliza kama NaN ni ndogo kuliko 64, jibu ni hapana. Ukiuliza kama ni kubwa kuliko 67, jibu pia ni hapana. Waya ulikatika feni ikiwa imewaka. Kwa hiyo hakuna kilichoizima tena.

Na grafu je? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiambia irudie kipimo cha mwisho kama kipya hakipo, ili picha isiwe na mapengo mabaya. Nilitaka ipendeze. Ile 65.1 ilikuwa maiti iliyovalishwa nguo safi.

Fikiria ukubwa wa kosa. Kabati lina ujazo wa lita 200 hivi. Maji yote yanayotakiwa katika hewa yake ni gramu 2.4, yaani nusu kijiko cha chai. Mimi nilimwaga humo nusu lita. Mbao na majani ndiyo yaliyokunywa kilichobaki.

Tulizitoa siga moja moja juu ya gazeti. Zilizokuwa na kuvu juujuu tulizifuta, lakini ambazo kuvu kilikuwa kimeingia mpaka kwenye ncha ya kuwashia hazikufaa tena. Zilikuwa tisa. Mjomba alizifunga kwenye lile gazeti, akakaa nazo mapajani kitambo. Halafu akauliza mtambo ule ulikuwa ukifikiria nini siku zote hizo. Nikamweleza habari ya NaN kadiri nilivyoweza. Akasema, "Kwenye meli, geji ikifa mshale huanguka sifuri ili kila mtu aone. Yako imekufa ikaendelea kusema iko salama."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nilichobadilisha ni hiki. Kwanza, feni na kitangi tuliviondoa kabisa. Badala yake tumeweka vifuko vya asilimia 65 vyenye maji na chumvi nyuma ya utando unaopitisha mvuke tu. Hewa ikikauka vinatoa maji, ikilowa vinafyonza, bila waya wala msimbo. Ni ile kanuni ya kizibo cha chumvi. Pili, bodi imebaki, lakini kazi yake ni kutazama tu. Ina vihisio viwili, na vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5 inatuma ujumbe. Tatu, ikipata NaN au ikikosa kipimo kwa dakika kumi, inasema wazi kwamba haijui, na grafu inaacha pengo. Pengo baya, linaloonekana. Nne, kila baada ya miezi sita mjomba anarudia jaribio la chumvi mwenyewe, na ananiambia matokeo kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Kama nawe una mtambo unaowasha kitu, iwe pampu ya maji, hita au mashine ya kuangulia vifaranga, fanya jambo moja leo kabla hujalala. Chomoa waya wa kihisio kitu hicho kikiwa kimewaka, uone kitatokea nini. Afadhali ujue ukiwa umesimama hapo hapo.

Mwaka mpya uliofuata mjomba aliniita barazani. Aliwasha moja, nyingine akaiweka bila kuwashwa kwenye kiti cha rafiki yake, kama afanyavyo kila mwaka. Mimi nilikunywa chai. Tulipomaliza akairudisha ile moja kabatini, akafunga mlango, akatazama namba, kisha akanitazama mimi.

"Hii ni namba?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, hii ni namba.