Karani wa Malalamiko

Kazi ya uwakili inajulikana kwa joho lake na kwa ufasaha wake mbele ya hakimu. Kazi ya kuwaangalia mawakili wasiwadhulumu wateja wao haijulikani sana, na kazi ya karani katika ofisi ya uangalizi huo haijulikani kabisa. Nilikuwa karani wa namna hiyo mjini Nairobi kwa miaka kadhaa. Sikusomea sheria, kwa hiyo nitayasema mambo kama alivyoyaona mtu aliyekaa mlangoni, ambaye kila aingiaye na kila atokaye lazima ampitie.

Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, ilitungwa mwaka 1989. Kifungu chake cha 53 kiliunda tume ya kupokea malalamiko juu ya wakili, kampuni ya mawakili, au mtumishi wao yeyote. Neno hilo la mwisho lilinichekesha nilipolisoma mara ya kwanza, kwa maana liliwakumbuka makarani, ingawa kwa shari. Lalamiko lisilo na msingi hukataliwa. Lililo zito hupelekwa mbele ya baraza la nidhamu, ambalo laweza kumwonya wakili, kumtoza faini, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili. Katikati ya hayo yamo mashauri mengi yanayotafutiwa suluhu kwa mapatano.

Lakini kabla ya tume na baraza kuna daftari, na mwenye daftari ni karani. Yeye humpa mlalamikaji kiti, hulipa shauri nambari, hufungua jalada, huandika barua ya kumtaka wakili ajibu, huhesabu siku, na siku zikipita bila ya jibu huandika barua nyingine. Kazi hii haina fahari. Hata hivyo nathubutu kusema kuwa wachunguzi na mawakili wa serikali waliokaa vyumba vya ndani walilijua shauri kama lilivyotoka katika kalamu yetu.

Nilipoingia katika kazi hiyo nilitazamia kukutana na hila kubwa. Nilichokutana nacho zaidi ni ukimya. Mtu amelipa ada, amekabidhi hati ya shamba lake, kisha kila apigapo simu huambiwa kuwa bwana wakili yumo mahakamani. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Mara nyingi mteja huyo hakuwa ameibiwa kitu, alikuwa amesahauliwa. Nimeona watu waliokuja na hasira za kuvunja meza wakaondoka wameridhika kwa sababu ya barua moja ya wakili yenye tarehe ya kesi.

Haki inanitaka niseme upande wa pili pia. Wengine walikuja kumshitaki wakili kwa kuwa walishindwa kesi, na kushindwa kesi si kosa la maadili. Wengine waliona ada ni kubwa mno. Hao walielekezwa kwa afisa wa Mahakama Kuu mwenye kazi ya kupima hesabu za ada na kukata kilichozidi. Wengine walilia kuwa wakili amewazuilia jalada, kumbe hawajamlipa, naye ana haki ya kulishika mpaka alipwe. Jina la wakili ni mtaji wake, nalo likivuma vibaya mjini halirudi safi hata akishinda shauri. Ndiyo sababu majalada yetu yalikuwa siri. Ndugu na marafiki waliniuliza mezani, kwa mzaha wenye kiu ndani yake, ni wakili gani asiyefaa. Nilijibu kuwa chai inapoa.

Mama mmoja mjane alifika asubuhi ya mvua. Mumewe alikuwa amegongwa na gari, kampuni ya bima imelipa fidia, na fedha ziko mikononi mwa wakili. Sheria inamtaka wakili aziweke fedha za mteja katika hesabu ya benki iliyotengwa na fedha zake mwenyewe. Mama hakujua habari za hesabu. Alisema Kiswahili, na fomu yetu ilikuwa ya Kiingereza, yenye nafasi ya mistari michache.

Nilimwuliza, “Mama, niandike kuwa amezuia fedha zako?”

“Mwanangu, andika kuwa aliniambia nije kesho.”

“Siku gani alikwambia hivyo?”

“Kila siku niliyokwenda. Miaka mitatu.”

Hapo ndipo palipo ugumu wa ukarani wa aina hii, na sidhani kama upo ugumu mwingine unaoushinda. Ningaliandika kuwa wakili amechelewa, ningalilipunguza neno lake, na aliyemo chumba cha ndani angaliona uvivu tu. Ningaliandika kuwa ameiba, ningaliongeza neno ambalo mama hakulisema, na wakili angalikuwa na haki ya kulirarua shauri zima kwa ajili ya neno langu. Mimi si hakimu wala si wakili wa mama. Nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika maneno yake kwa Kiswahili kama yalivyotoka kinywani, njoo kesho na yote, nikayaweka juu ya tafsiri ya Kiingereza. Nikamsomea yote mawili, nikimfasiria ya pili. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaomba wino wa kidole.

Wakili alijibu barua ya pili. Alileta hundi, pamoja na hesabu ya ada aliyojikatia. Mama aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama hundi. Aliniuliza kama ni desturi ya mawakili kujilipa kiasi kile. Nilimwambia kuwa swali hilo lina mlango wake, nikamwonyesha afisa wa kupima ada yuko jengo gani. Alifunga hundi katika leso, akaniuliza kama huko pia kuna karani ajuaye Kiswahili. Jalada lake sikulifunga siku ile; nililirudisha kabatini, likisubiri jibu la huko.