Ningemuuliza Nani Usiku Ule?

Mmetusikia mara nyingi kliniki tukisema: ukiwa mjamzito, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, njoo upesi. Wenzetu huitikia, kisha hurudi nyumbani kwenye mikorosho.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji kilicho kati ya Ruangwa na Nachingwea aliumwa kichwa siku tatu. Mama mkwe alimwambia ni jua la kuokota korosho. Alipoletwa kwa pikipiki alikuwa amekwisha kushikwa na kifafa cha mimba. Yeye alipona, mtoto hatukumpata. Alipotulia alituuliza, "Dada, ningemuuliza nani usiku ule?" Tulinyamaza.

Swali hilo liliturudia tuliposoma habari za Bwana Nick Pearson, aliyeanzisha shirika la Jacaranda Health nchini Kenya mwaka 2011. Hakuanza na kompyuta. Alianza na huduma za uzazi zenyewe, akaendesha hospitali ya kujifungulia Nairobi, ndipo baadaye shirika lake likageukia simu. Sisi wauguzi tunaupenda utaratibu huo, maana tumewaona wataalamu wengi wanaoleta mashine kabla hawajaingia wodini.

Huduma yao inaitwa PROMPTS. Mama huandikishwa, hupokea ujumbe mfupi bila malipo, hata kwa simu ya vitufe, naye anaweza kuuliza. Hapa Tanzania tangu mwaka 2012 tulikuwa na ujumbe wa Wazazi Nipendeni kwa namba 15001, nao ulifundisha mengi. Lakini kufundishwa na kuulizwa ni mambo mawili. Kule Kenya akili mnemba husoma maswali ya akina mama na kuyapanga, na lenye dalili ya hatari husukumwa mbele ili mhudumu mwenye ujuzi alishughulikie upesi.

Shida ilikuwa lugha. Mashine hizi zimelelewa kwa Kiingereza. Basi mwaka 2023 Jacaranda walichukua programu ya Llama ya kampuni ya Meta, wakaifunza maandishi mengi ya Kiswahili, wakaiita UlizaLlama. Mama haandiki "maumivu makali ya kichwa". Huandika "kichwa kinanigonga". Asiyejua hivyo atampita mgonjwa akimtazama.

Hata hivyo tuna mashaka yetu. Mashine ikikosea kuhusu dawa, nani atalala na kosa hilo? Tena katika nyumba nyingi za huku simu ni ya baba, naye yuko nayo shambani. Na jibu likija kwamba "nenda hospitali sasa", lazima pawe na usafiri. Ndiyo maana tunawahimiza akina baba pia waikariri namba 115 ya m-mama, ambayo ni ya bure.

Mwezi uliopita yule mama alirudi kliniki, mimba ya miezi mitano. Tulimwandikia namba zetu mbili nyuma ya kadi. Ametuuliza maswali kumi na moja hadi sasa. La mwisho liliingia saa nane usiku: mtoto akicheza sana tumboni, ni vibaya? Tulimjibu kwamba ni vizuri, alale.