Zabibu Haiivi Kapuni

Nilipokuwa mtoto Kondele, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alipenda kutusimulia habari za mashamba ya mizabibu, ila hakutueleza mzabibu unafanana na nini. Kwa hivyo kila alipoutaja, mimi niliuona mzambarau mkubwa uliokuwa karibu na kwetu, ambao matunda yake tuliyaita jamna na yalitupaka ndimi rangi ya wino. Nilikua nikiamini kwamba zabibu huangushwa kwa mawe.

Imani hiyo ilinitoka Agosti 2018, nilipozuru Dodoma pamoja na wenzangu watatu. Sote wanne tulikuwa makapera, na kila Krismasi mama zetu walituuliza swali lile lile. Alikuwapo Mshairi, mwenye daftari zima la tarbia za mapenzi lakini asiye na mpenzi. Alikuwapo Mhasibu, aliyedai kwamba gharama za harusi hazijawahi kulingana na mshahara wake. Alikuwapo Mwalimu, binti aliyefundisha Kiswahili katika shule ya upili. Wa nne nilikuwa mimi. Kwa miaka sita mimi na Mwalimu tulikuwa marafiki. Kila Jumamosi jioni tulikula samaki pamoja karibu na njia panda ya Kondele, na kila Jumamosi nilikuwa na neno la kumwambia, nikaliahirisha hadi Jumamosi iliyofuata. Nilijiliwaza kwa methali: subira huvuta heri.

Safari ilibuniwa na Mshairi. Alikuwa ametazama filamu nyingi za Ulaya ambamo wapenzi hukutana katika mashamba ya mizabibu, akashikilia kwamba nasi tukifika huko mambo yatajipa. Ulaya ilikuwa mbali na mifuko yetu. Lakini Dodoma alikuwako mwenzetu Mtanzania tuliyesoma naye Maseno, na wazazi wake walilima zabibu upande wa Hombolo. Tulipanda basi Kisumu, tukavuka mpaka pale Isebania, tukalala Mwanza. Kesho yake tulipita Shinyanga na Singida, tukaingia Dodoma usiku, vumbi limetukolea hadi kwenye kope. Ndani ya basi hilo ndimo Mwalimu alimotupasha habari kwamba amepata kazi Kigali. Rwanda ilikuwa imekifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na walimu walihitajika. Angeondoka Januari. Wenzetu walimpongeza. Mimi nilitazama nje dirishani.

Shambani hatukukuta mapenzi, tulikuta kazi. Tuliamshwa alfajiri, tukapewa mkasi na kreti, kwa kuwa zabibu huvunwa kabla jua halijapanda. Mwenyeji wetu, mzee wa Kigogo mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba Dodoma haina majira ya baridi kali ya kuilaza mizabibu kama Ulaya. Mkulima mwenyewe ndiye huikata matawi ili ichipue upya, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mshairi hakuwa na habari na matawi. Aliishamwona binti wa jirani aliyekuja kusaidia kuvuna. Akamsogelea, akamwambia kwa tabasamu, "Nipe mkasi."

Kwetu Kondele kauli hiyo haina ubaya wowote. Binti alimtazama kutoka utosini hadi unyayoni, akauliza, "Kaka, umeniomba au umeniamuru?"

Mtu aliyekuwa na tarbia arobaini mfukoni alikosa hata neno moja la kujibu. Tangu saa hiyo kila alilosema lilianza na "naomba": naomba kupita, naomba kukaa, hata naomba kucheka. Mhasibu naye alimwamkia mama wa nyumba kwa "Habari yako?" badala ya shikamoo, akanyoshewa kidole na mtoto wa miaka mitano.

Zamu yangu ilifika jioni. Nilikuwa nimekata vichala kadhaa ambavyo havijaiva sawasawa, nikidhani vitaiva njiani kama ndizi. Mzee alikiinua kimoja, akanionyesha punje zake.

"Mwanangu, embe likikomaa ukalichuma, litaivia ndani ya nyumba. Zabibu haiivi kapuni. Ilivyo saa unapoikata ndivyo itakavyobaki."

"Basi tungoje, Baba?"

"Ngoja, lakini uwe unaitazama. Ikiiva wewe hupo, ndege watakuwapo."

Aliongeza kwamba mwaka ambao mnunuzi huchelewa, zabibu huozea mtini mkulima akishuhudia. Aliyasema hayo bila kulalama. Usiku ule sikupata usingizi. Subira niliyokuwa nikijisifia miaka sita ilianza kunukia woga. Nilikumbuka kwamba wahenga wetu walisema pia: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Asubuhi nilijipanga katika mstari mmoja na Mwalimu, yeye upande ule wa mizabibu nami upande huu. Maneno ya mapenzi nilikuwa nimezoea kuyasikia kwa Kijaluo au kwa Kiingereza. Kiswahili nilikuwa nimekiwekea mitihani. Nilipiga moyo konde.

"Mwalimu, naomba..." Nikakwama hapo.

"Naomba ni kitenzi elekezi," alisema bila kuinua kichwa. "Yambwa iko wapi?"

"Naomba usiende Kigali kabla hujajua kwamba nakupenda."

Alikata kichala, akakilaza ndani ya kreti taratibu.

"Sentensi ndefu, lakini ni sahihi," akasema. "Nimeingoja miaka sita uimalize."

Januari alikwenda Kigali, wala sikumzuia. Sikuwa nimemwomba asiende. Nilimwomba asiende bila kujua. Tulifunga ndoa Desemba 2019. Mhasibu alitupangia bajeti, na Mshairi, ambaye angali kapera, alitusomea tarbia iliyoanza kwa neno "naomba".

Wanafunzi wenzangu, sisi huchanganua vitenzi ubaoni, tukapata alama, kisha tukaondoka tukidhani kazi imekwisha. Mimi yambwa niliifundishwa darasani mwaka wa kwanza. Nilielewa kazi yake nikiwa na mkasi mkononi huko Hombolo, nilipogundua kwamba neno nililokuwa nimelitamka nusu kwa miaka sita lilikuwa likingoja sehemu iliyobaki.