Upinde wa Mzee Katika Nyanda za Kate

Msafiri atokaye Sumbawanga na kuingia Wilaya ya Nkasi hupita katika nchi iliyo wazi: nyasi, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na upepo usio na kizuizi. Hii ndiyo nyanda ya juu ya Ufipa, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sumbawanga yenyewe iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai humlazimu mgeni wa pwani kutafuta koti. Wafipa wa zamani walijenga huku tanuri ndefu za udongo, ziitwazo malungu, wakayeyusha chuma na kufua majembe.

Katika kata ya Kate tulipokewa na mzee aliyevuka miaka 70. Ukutani kwake umetundikwa upinde mweusi kwa moshi, ugwe wake ukiwa umefunguliwa ncha moja. Wajukuu walikuwa wakiuomba ili wafukuze ngedere shambani. Baba yao aliwatetea: “Baba, mti ni mti tu. Wape.” Mzee alitikisa kichwa. “Mwanangu, huu umechoka. Wakiuvuta kwa pupa utawavunjikia usoni.”

Je, upinde huzeeka? Naam, lakini si kwa kuhesabu miaka peke yake. Upinde wa mti ukivutwa, nyuzi za mti za upande unaomwelekea mpigaji hubanwa, na za upande wa pili hunyooshwa. Zikibanwa mara nyingi hupondeka kidogo kidogo, mti ukabaki umejikunja hata ugwe ukifunguliwa. Hapo mshale hauruki tena kwa kasi ya awali. Kuuacha na ugwe wake mchana na usiku huharakisha udhaifu huo. Ndiyo sababu wajuzi huulegeza baada ya kazi. Unyevu hulainisha mti, ukavu uliopindukia huufanya uvunjike ghafla, na bungua hula ndani bila kuonekana.

Ushahidi wa mbali upo. Meli ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545, na baharini zikapatikana pinde zaidi ya 130. Zilikuwa na umbo lake, ila zilizojaribiwa hazikuwa na nguvu ya pinde mpya za ukubwa ule. Jicho, basi, haliwezi kupima nguvu ya mti.

Sisi Waislamu tunaijua heshima ya sanaa hii. Mtume (SAW) alihimiza kulenga shabaha, na Saad bin Abi Waqqas (RA) anakumbukwa kuwa wa kwanza kurusha mshale katika njia ya Allah.

Mwisho wa mjadala ule mzee hakuutoa upinde. Alimwambia mjukuu mkubwa: “Kesho twende tukatafute mti. Utauchonga wewe, nami nitakuelekeza.” Katika nyumba ile hakuna mwingine ajuaye mti wa kukata, muda wa kuukausha kivulini, wala mahali pa kupunguza unene. Hatari kubwa, basi, haikuwa kuvunjika kwa upinde mkongwe, bali mikono ile kuondoka kabla haijafundisha.

Wazazi wenzangu, tuwaulize wazee wetu wanachokijua wangali wanaweza kuonyesha. Allah ndiye Mjuzi zaidi.